Paja la Sitini na Moja

Uzi ulikuwa mwembamba kuliko unywele, na sindano yake ukiiangusha ndiyo umeiaga. Daktari mwanafunzi aliinamia hadubini ya kuazima, akafunga fundo la nane kwenye mshipa wa paja la kuku, kisha akausukumia maji mekundu. Halikuvuja hata tone.

"Sitini na moja!" alimwambia mama yake, aliyesimama mlangoni na sufuria. Mapaja hayo asubuhi ni somo, mchana ni mboga.

"Lete nipike. Ila toa nyuzi zako, juzi baba yako kala mishono."

"Hili halipikwi, mama. Nalipeleka kwa mkuu."

Mkuu wa mafunzo hakulitazama. Alitazama fomu ya mazoezi ya kushona mishipa.

"Panya hai kumi. Hapa umeacha wazi."

"Panya hawapo, mzee. Chumba chao mmeweka mafaili tangu mwaka juzi."

"Wenzako wote wameandika kumi."

"Waliwatoa wapi?"

Mkuu akacheka. "Binti yangu, andika kumi nigonge muhuri, kesho uingie chumba cha upasuaji. Kwani panya watakuja kukushtaki?"

"Nimeshona mapaja ya kuku sitini na moja. Hebu tazama mshipa huu."

"Kuku hayumo kwenye fomu."

Daktari alimkumbuka seremala. Wiki iliyopita aliletwa hospitalini na kidole chake kilichokatika ndani ya barafu. Mwanafunzi mwenzake mwenye muhuri wa panya kumi ndiye aliyeshika sindano. Akavuta uzi kwa nguvu, mshipa ukachanika, kidole kikatupwa. Yeye, asiye na muhuri, aliruhusiwa kushika taa tu. Seremala alikuwa akimuuliza kila mtu atashikaje randa.

Alichukua kalamu. Penye panya akaandika: "Sifuri. Hawapo." Chini yake: "Mapaja ya kuku, 61. Yaliyovuja, 40 ya mwanzo."

"Unajiandikia hata makosa?" mkuu alishangaa. "Hii siigongei."

"Usigonge. Ila andika hapo kwa nini umekataa, utie sahihi."

Mkuu aliinua kalamu, akaishusha. "Niandike nini sasa?"

"Ukweli, mzee. Kwamba mimi nimeshona kuku, na ninyi mnapitisha waliowashona panya wasiokuwepo."

Daktari akaliweka paja juu ya fomu, akavuta kiti, akaketi.

"Nangoja," alisema.