Mtoto Aliyetoka Kucheza

Kitu cha kwanza kuingia kwenye begi la likizo kilikuwa vibanio vya nguo. Mama mkwe alivitia kwenye mfuko wa kitambaa, vyote vyekundu, vyote vya plastiki, akaukaza mdomo wa mfuko kwa uzi, akaulaza chini kabisa, chini ya mashuka. Alisema vibanio vya nyumba za kupanga havishiki. Ukigeuza uso tu, shuka liko mchangani. Mkwe wake, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji na ambaye mimba ilikuwa imeshamzuia kuiona miguu yake mwenyewe, alitazama haya yote ameegemea mlango. Akawaza kwamba mtu anayebeba vibanio, huyo ana nia ya kufua.

Na safari yenyewe ilikuwa kwa ajili yake. Mkunga wa kliniki alikuwa amempima presha, akavibonyeza vifundo vya miguu vilivyovimba, akamwambia mbele ya mumewe:

"Mama, huyu mtoto bado hajawa tayari, na wewe unamharakisha. Lala. Mchana lala, ubavu wa kushoto, usinyanyue kitu. Ukiendelea hivi atakuja kabla ya wakati wake."

Mume, fundi wa majokofu, mtu mwema asiye na makelele, alilipokea neno hilo kwa moyo wote. Alifunga karakana, akaazima gari la shemeji yake, akapanga nyumba ndogo kando ya ziwa kwa wiki nzima. Tena, kwa kuwa hakutaka mkewe ahangaike peke yake na mtoto, akamwomba mama yake aje nao.

"Tunakwenda kukupumzisha wewe," alisema akifunga buti la gari. "Kazi yako ni kulala tu."

Mtoto waliyekuwa naye alikuwa wa miaka minne. Nyumbani walimwita Kwanini, na sababu yake mtu yeyote aliyekaa naye kidogo aliijua bila kuambiwa.

Siku waliyofika, mshonaji alitandika vitanda, maana ndiye aliyejua mashuka yaliko. Akapika, maana jiko la pale lilikuwa la kubembelezwa, na yeye ndiye aliyetangulia kulibembeleza. Mumewe alilisikia jokofu la nyumba likikoroma, akalivuta, akalifungua mgongo, kwani fundi hawezi kustarehe na jokofu linalokoroma. Liliponyamaza, mama yake alimpa pole nyingi. Akamwambia akakae kwenye kile kiti cha kulalia barazani, mtoto wa watu, hata likizoni hapumziki.

Kesho yake, baada ya chai, mshonaji aliingia chumbani akalala ubavu wa kushoto. Hajafumba macho vizuri, Kwanini akaingia, akaweka mdomo karibu na tumbo kama mtu anayeita kwenye dirisha la jirani.

"Wewe! Huji kucheza?"

Mtoto akatoka.

Alitoka taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani hataki kumwamsha aliyelala naye. Hapakuwa na uchungu wala damu. Alikuwa wa kiume, mkubwa kiasi cha mkate, ngozi imemkunjamana, macho ya kutaka kujua. Alilitazama dari, akalitazama pazia, akamtazama dada yake kwa muda mrefu zaidi, kisha wakatoka wote wawili kwa njia ya dirishani. Kamba ya kitovu ilimfuata nyuma ikijikunjua kadiri alivyokwenda. Ikavuka baraza, ikashuka mpaka mchangani, na haikukatika. Tumbo la mshonaji lilibaki limelegea kama foronya iliyochomolewa mto.

Kwanza alivuta pumzi iliyofika chini kabisa, pumzi ambayo hakuwa ameipata kwa miezi. Halafu usingizi ukamjia, mzito, mtamu. Akajiambia, hii sasa ndiyo likizo.

Mama mkwe akachungulia mlangoni. Akalitazama tumbo, akalitazama dirisha, akaifuata kamba kwa macho.

"Kumbe katoka kidogo."

"Katoka, mama."

"Afadhali, umepata wepesi. Hebu njoo basi unishikie hivi viazi, mwanangu, mgongo wangu leo haunitaki."

Mshonaji akaamka.

Mtunza nyumba, mama mmoja mnene aliyekuwa akifagia uani, aliifikia ile kamba, akainua gauni kidogo akairuka. Alichosema ni kwamba geti lifungwe, mbwa wa jirani hawana adabu.

"Mwaka juzi tulikuwa na mmoja kama huyu," aliongeza. "Alinimalizia vitunguu vyangu vyote kwa kuvichimbua aone vinafanya nini chini. Huyu wenu anaonekana mstaarabu."

Tangu siku hiyo mtoto akawa anatoka kila asubuhi na kurudi wakati wa kula, ana mchanga masikioni, amelowa, anatetemeka kidogo. Aliingia mahali pake bila kuuliza, na mshonaji alisikia mchanga ule ukimkwaruza ndani mpaka jioni. Kutwa walikuwa ukingoni mwa maji, yeye na dada yake, wakichimba. Kwanini alikuwa amempata mtu anayemshinda kwa maswali, na jambo hilo lilimchosha kuliko alivyotegemea.

"Mbona maji hayaishi upande ule?" mdogo wake aliuliza.

"Ndivyo yalivyo."

"Mbona yanakuja halafu yanaondoka?"

"Kula kwanza, nitakwambia," alijibu Kwanini, ingawa hapakuwa na chakula, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyojibiwa yeye maisha yake yote.

Baba aliwatazama toka kwenye kiti cha kulalia, akafurahi kwamba mwanawe anapata hewa safi mapema.

Taabu ilikuwa ile kamba. Chumbani mshonaji hakuweza kukaa tena, kwa sababu upepo wa ziwa ulilipigapiga lile dirisha na kuibana. Dirisha la jikoni ndilo lililokuwa na ndoana ya kulishika. Basi akawa anakaa pale kwenye kigoda, kamba ikitoka kwake kwenda ufukweni, imenyooka vizuri. Na mtu aliyekaa jikoni, kazi humjua. Aliletewa samaki wa kuparua. Aliletewa suruali ya mume iliyofumuka, kwani si mshonaji, na sindano si ametembea nayo?

Siku moja mama mkwe alikuwa amefua tangu alfajiri. Alizunguka ile nyumba akitafuta pa kuanika, asipate, hata msumari. Aliporudi uani na beseni lake, akaiona kamba imepita pale, imekaza, juani, kimo chenyewe cha mkono wake. Hakufikiri mara mbili. Alianza na vigauni vya Kwanini. Vilipokaa sawa, akatundika mataulo, na mashuka mwishoni, akayabana kwa vibanio vyake vyekundu, kimoja kimoja, akirudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka.

Mshonaji alisikia kila kibanio kikimuuma, si sana, kama sisimizi. Taulo la mumewe lilipotundikwa, aliinama mbele akashika ukingo wa meza.

"Mama, hiyo inanivuta."

"Jua kali hili, mwanangu, zitakauka sasa hivi. Zikikauka zinakuwa nyepesi."

Na kweli, zilipokauka zilikuwa nyepesi. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe, alieleza akikunja, aliwazaa wote bila kuwa na kamba, nguo akizitandaza juu ya majani na mbuzi wakizipitia.

Jioni moja mshonaji alimfuata mumewe barazani, akivuta kamba nyuma yake kwa uangalifu.

"Baba Kwanini, mimi tangu tuje sijalala."

Mumewe aliinua kichwa, amehuzunika kweli.

"Lala basi, mke wangu. Nani kakukataza?"

Mshonaji alisimama akamtafuta huyo mtu moyoni mwake. Alimtafuta kwa haki kabisa, akapita kwa mama mkwe, akapita kwa mumewe, akapita kwa Kwanini. Hakumpata. Akarudi jikoni, kwa sababu kitu kilikuwa kinaungua.

Ilikuwa mezani, siku moja kabla ya kuondoka, Kwanini alipoweka kijiko chini na kusema, "Mdogo wangu anasema yeye harudi tena."

"Harudi wapi?" baba yake aliuliza.

"Tumboni. Anasema humo ndani hakulaliki. Moyo unakimbia kutwa. Akitaka kugeuka, mama anainama. Akisinzia, mama ananyanyua ndoo. Anasema atakaa chini ya baraza na yule paka."

"Mtoto mjuaji huyo," mama mkwe alisema, akijichotea mchuzi. "Kamfuata babu yake."

"Mwambie avumilie," baba alisema, akacheka kwa upole. "Hata jokofu hili lilikoroma, na sasa si limenyamaza?"

Mshonaji hakucheka. Alikuwa amemshika yule mtoto mara nyingi alipokuwa akimfuta mchanga, na kwa macho ya mtu wa kitambaa alikuwa ameona kazi isiyomalizika. Kucha hazijafika mwisho wa vidole. Masikio laini, ukiyakunja hayarudi. Midomo, jua likianza kuinama, inageuka rangi ya samawati. Nguo ambayo haijapigwa pindo haitoki dukani. Huyu angebaki nje, asingefika mbali.

Kesho yake alasiri, mizigo ikifungwa, aliondoka jikoni bila kumwambia mtu, akashuka mpaka mchangani, akakaa. Kamba ikalegea. Nyuma yake mashuka ya mwisho yakashuka chini taratibu, moja baada ya jingine, lakini hakugeuka.

Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya shimo lake, ameshika kitu mkononi, anatetemeka.

"Mwanangu, turudi," mshonaji alisema.

"Nikirudi utalala?"

Mshonaji hakuwa na mazoea ya kumwahidi mteja kitambaa kisichotosha.

"Nitajaribu."

Mtoto alimgeukia dada yake. "Kujaribu ni nini?"

Kwanini alifikiri sana, maana alitaka kumjibu mdogo wake vizuri kuliko alivyozoea kujibiwa.

"Ni hapana," alisema, "lakini polepole."

Mtoto alikaa akiyatazama maji yakija na kuondoka. Akamtazama mama yake usoni, kama anayepima. Kisha akasogea, akapanda pajani, akaingia mahali pake na ngumi yake imefumbwa, na kamba ikajikunja nyuma yake mpaka ikaisha yote. Tumbo likajaa. Mshonaji alijilaza pale pale mchangani, ubavu wa kushoto, Kwanini amemwegemea mgongo. Akalala. Alilala muda wote ambao mtu huchukua kugundua kwamba mashuka yameanguka.

"Jamani, nguo zote ziko chini!" mama mkwe alisikika uani. "Na kibanio kimoja hakipo!"

Kilitafutwa na nyumba nzima. Mama mkwe aliuliza, akauliza tena, mwisho akamtazama mtunza nyumba kwa jicho la pembeni.

"Mama, tusikoseane heshima," mtunza nyumba alisema, mikono kiunoni. "Mimi nguo zangu nazianika kwenye miiba, na hazijawahi kunikimbia. Kibanio chako nikibane wapi?"

Waliagana hivyo hivyo, kila mmoja amenuna. Njiani mama mkwe alitazama dirishani mpaka mjini.

Fundi wa majokofu aliwasimulia wateja wake jinsi likizo ilivyomfaa mkewe, wiki nzima hakunyanyua kitu ila miguu yake. Mshonaji alikuta nguo za watu zimemsubiri, akakaa kwenye cherehani. Wakati mwingine, akikanyaga, alisikia kitu kigumu kikigonga ubavuni kwa ndani, tak, tak, kama mtu anayegonga ukuta kuwaomba majirani wapunguze kelele. Hapo alisimamisha gurudumu kidogo. Kisha aliendelea.

Mtoto akaja kabla ya wakati wake, si sana, lakini kabla. Alikuwa mdogo, anapumua kwa kazi, macho yake yale yale ya kutaka kujua. Mkunga alimfuta, akaona ngumi ya kulia haifunguki, akaifungua kidole kimoja kimoja. Ndani yake mlikuwa na kibanio chekundu.

"Huyu alijishikiza," mkunga alisema. Akakisuuza kile kibanio, akakiweka kwenye sinia pamoja na mkasi, akaikata kamba. Mama mkwe aliitazama ikikatwa kwa masikitiko kidogo, kama mtu anayeona kamba nzuri ikiharibiwa. Halafu akakiona kibanio, akashika kifua.

"Kumbe! Na nilivyomsingizia yule mama wa watu!"

Alikirudisha kwenye mfuko na wenzake siku ile ile, akaukaza mdomo.

Walipofika nyumbani, mume alitandika kitanda kwa mikono yake, akamlaza mshonaji, akamfunika mpaka mabegani. "Sasa umemaliza," alimwambia. "Lala tu. Mwakani tutakwenda tena ziwani, maana nimeona ulivyopapenda." Akatoka kwenda karakana, akiurudisha mlango polepole usigonge.

Mshonaji alifumba macho. Mtoto alikuwa kando yake, anatazama dari. Kwanini alimwinamia sikioni.

"Huku nje kunalalika?"

Mtoto hakujibu, kwa kuwa sasa alikuwa amezaliwa na hakujua tena kusema.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama mkwe alikuwa amesimama na beseni la nepi mbichi kiunoni, mfuko wa vibanio umening'inia kwenye kidole.

"Samahani, mwanangu, usiamke," alisema. "Kamba ya hapa kwenu iko wapi?"

Mshonaji alianza kumwelekeza kwa mdomo, nyuma ya jiko, juu ya pipa, upande wa kushoto. Mama mkwe alisikiliza, akatikisa kichwa, hakuelewa. Basi mshonaji akaweka shuka pembeni, akateremsha miguu, akaenda kumwonyesha.