Shira ya Mama Chupa

Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, na mwenyewe aliitika. Hakuna jirani aliyetupa chupa tupu bila kwanza kumpigia hodi. Akizipata, aliziloweka, akazisugua, akazichemsha, akazipanga kichwa chini juu ya rafu ya chuma aliyotengenezewa na mumewe. Zikikauka alizijaza shira ya pesheni na mchaichai, nzito, inayomwagika polepole kama haitaki kutoka. Ukikoroga vijiko viwili kwenye glasi ya maji baridi, hata mgeni aliyekuja na ugomvi wake huketi kwanza.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti na madirisha ya mtaa ule karibu yote yalipita mikononi mwake, ila kwenye mapishi hakuwa lolote wala chochote. Mungu hakuwajaalia mtoto. Wakazoea kuwa wawili: yeye na cheche zake uani, mkewe na mvuke wake jikoni, wakirushiana maneno dirishani mchana kutwa.

Kisha tumbo la Mama Chupa likaanza kumsumbua. Walidhani vidonda, wakadhani minyoo, na walipoacha kudhani wakaenda hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshajitandaza. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimvuta fundi pembeni kwenye korido.

"Mzee wangu, mrudishe nyumbani. Dawa za maumivu tutampa. Chochote roho yake inachotaka, mpe."

"Halafu nimrudishe lini?"

Daktari akamshika bega.

Roho yake ilitaka shira. Na shira ndani haikuwapo, maana ile ya mwisho fundi aliimaliza mwenyewe mkewe alipokuwa amelazwa, akichovya mikate mikavu.

"Nikuletee ya dukani?" aliuliza.

Mama Chupa akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Ile rangi na sukari? Pika wewe. Nitakuelekeza nikiwa hapahapa kitandani."

Basi fundi akang'oa mlango kati ya chumba na jiko, bawaba na vyote, akasogeza kitanda mpaka mkewe akaweza kuiona sufuria. Akafunga aproni yake ya ngozi ya kazini. Akaponda mchaichai kwa nyundo. Akamimina sukari na maji, akawasha jiko moto wote, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kinachotii moto mdogo.

"Punguza!" mkewe aliita. "Fundi, punguza! Hilo si geti!"

Alipogeuka kumjibu, sufuria ilikuwa inatoa moshi mweusi na sukari imeganda chini kama lami. Mama Chupa alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka maumivu yakamkamata katikati ya kicheko akajikunja, na fundi akabaki amesimama na mwiko, hajui amshike wapi asimuumize. Hakucheka tena hivyo baada ya siku ile.

Mara ya pili aliziponda pesheni na mbegu zake, shira ikatoka chungu. Mkewe alimwambia mbegu hazipondwi, zinakamuliwa taratibu kwenye kitambaa, na majani ya nanaa hutiwa mwishoni, jiko likiwa limezimwa, kisha unafunika. Mara iliyofuata alifuata neno kwa neno. Ikatoka ya kung'aa. Akamchanganyia na maji, akampelekea kwa kijiko, akiwa amebana pumzi.

Mama Chupa akaiviringisha mdomoni. "Bado," alisema.

"Bado nini, mama?"

"Sijui. Kuna kitu bado."

Akapika tena. Akaongeza mchaichai, akapunguza sukari, akatafuta pesheni zilizosinyaa, zile anazosema mkewe ndizo zenye utamu. Jibu likawa lilelile. Nesi aliyekuja kumchoma sindano alimkuta jikoni amezungukwa na maganda, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Baba, usijitese. Ulimi wake hauonji tena sawasawa. Ni ugonjwa, na hizi dawa. Hata angeipika yeye mwenyewe, angekwambia hivyohivyo."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Nesi alipoondoka, akachukua pesheni nyingine akaikata.

Angeacha, lakini afanye nini? Jikoni kulikuwa na kitu cha kukoroga. Kule kitandani kulikuwa na mkono uliozidi kuwa mwepesi na macho yaliyomfuata bila kuomba kitu. Alijidanganya kwamba anapika kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba alikuwa anakimbia, na mahali pa kukimbilia palikuwa hatua chache tu kutoka kitandani.

Shemeji yake, mdogo wake Mama Chupa, alikuwa amekuja kuwasaidia. Asubuhi moja shemeji alikuwa uani anafua mashuka. Shira ilikuwa imefika pale pabaya, povu linapanda, pale ambapo ukiacha kukoroga kidogo tu inamwagika au inashika chini.

"Fundi," mkewe aliita. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika. "Njoo."

"Subiri kidogo, mama. Inakaribia kukolea."

Hakuita tena. Fundi akakoroga mpaka povu likatulia, akazima jiko, akatia nanaa, akafunika. Akachota kidogo kwenye kijiko, akakipuliza njia nzima mpaka kitandani.

Mama Chupa alikuwa amegeuzia uso upande wa jiko. Macho yalikuwa wazi, lakini mwenyewe hakuwamo.

Fundi hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi, akamwambia, "Haya, nimekuja." Akarudia. Shemeji alipoingia na mikono yake yenye povu la sabuni, alimkuta bado anasema hivyo.

Jioni ya mazishi nyumba ilijaa watu, na watu lazima wapewe kitu cha kunywa. Shemeji akaifungua ile sufuria, akaichuja, akaikoroga kwenye ndoo ya maji, akaigawa. Wanawake wa mtaa walikunywa huku wakilia.

"Huu ndio mkono wake kabisa," mmoja alisema.

"Mpaka siku ya mwisho alikuwa anatengeneza, masikini."

Fundi alisikia. Alimfuata shemeji jikoni.

"Aliniita," alisema. "Nikamwambia asubiri."

Shemeji alikuwa ameshika jagi. Labda alitaka kumwambia kwamba wagonjwa huita tu, kwamba pengine alitaka maji, kwamba isingebadilisha kitu. Lakini yeye alikuwa uani, hakusikia lolote, na wala hakujua dada yake alitaka nini. Kutoka nje mtu akaita glasi zimekwisha. Shemeji akamimina moja, akamwekea fundi mkononi, akatoka.

Fundi akanywa. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na harufu ya mchaichai, na mwishoni nanaa ilipoza koo. Akajaribu kuilinganisha na ya mkewe, apate kujua kile kilichokuwa bado ni kitu gani. Akafumba macho. Miaka yote ile alikuwa akiipokea dirishani, mikono imejaa masizi, akiigugumia kwa mkupuo mmoja na kurudisha glasi huku jicho liko kwenye chuma kisije kikapoa. Utamu wake ulikuwaje? Alitafuta, hakuupata. Akanywa tena, polepole, mpaka glasi ikaisha, na bado hakuupata.