Mshipa wa Upande wa Kushoto

Mwaka ule wa tisini na saba, Dokta Elinipa alikuwa amelichoka neno hema. Kila mkimbizi wa Burundi aliyeletwa hospitalini Kigoma, hata awe anaumwa jino tu, alimalizia kwa kuomba hema, utadhani daktari wa vipimo kutoka Upareni ndiye mwenye ghala. Kwa hiyo Marcelina alipolala kitandani, miguu imemvimba, akasema, "Guhema, muganga. Guhema," Elinipa alimjibu bila kumtazama.

"Hema utapewa kambini, mama. Tulia."

Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha ultrasaundi. Ule mshipa mkubwa wa tumboni, unaorudisha damu ya miguuni kwenye moyo, kwa watu karibu wote hupita kulia. Wa Marcelina ulipita kushoto! Elinipa alikuwa ameuona vitabuni tu, na sasa alifurahi kama aliyeokota pete njiani. Si ugonjwa, ni maumbile, alijisemea. Miguu itapona kwa kupumzika. Akamwandikia ruhusa arudi na lori la mchana, ambalo tayari lilikuwa likipakia watu getini.

Ila alitaka picha moja nzuri ya kuwaringia wenzake.

"Vuta pumzi, mama."

Marcelina alimtumbulia macho, Kiswahili kimempita. Elinipa akajaza kifua chake hewa, mashavu yakatuna, ili amwonyeshe. Uso wa Marcelina ukachangamka, kisha ukakunjamana. Akajipiga kifuani, akatikisa kichwa.

"Guhema," alisema, na safari hii machozi yalimtoka.

Aibu ilimpanda Elinipa hadi masikioni. Kuhema! Mama wa watu hana pumzi, yeye anamwahidi turubai. Akarudisha kifaa tumboni, akaufuata ule mshipa chini zaidi, mahali ambapo furaha ilimzuia asifike. Ulikuwa umeziba kwa damu iliyoganda, na bila shaka kipande chake kilishapanda mapafuni. Kingine kingeweza kufuata hata kabla lori halijafika Kidahwe, njiani kwenda kambini.

Aliichana ile ruhusa, akakimbilia wodini mwenyewe kutafuta sindano za kuzuia damu isigande.

Wiki ya pili, damu ilionekana kwenye kioo ikipita, kidogo kidogo. Elinipa alimwita Leonardi, mume wa Marcelina, ambaye siku ile alizuiwa getini. Leonardi Kiswahili alikipata mwaloni Kibirizi akibeba dagaa. Elinipa akamwomba amtafsirie mkewe kosa lile lote, bila kulipamba.

Leonardi alieleza akiangalia sakafu. Marcelina alisikiliza, kisha akacheka. Alicheka sana, mabega yakitikisika, na pumzi haikumkatika.