Kompyuta Inayozimika Mchana

Ilizimika kwa mara ya nne saa tano na nusu, katikati ya neno "wanachama". Haikuonya wala haikulia. Kioo cha kompyuta mpakato kiligeuka cheusi, na Mwaija akajiona humo ndani mdomo wazi, vidole vingali juu ya vitufe.

"Imekufa tena?" akauliza Mzee Jabiri kutoka kwenye benchi.

"Imezimika tu, babu. Itawaka."

"Saa nne ulisema hivyo hivyo, mjukuu wangu."

Mzee Jabiri alikuwa katibu wa kikundi cha wafuga nyuki huko Handeni. Kwao umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu sasa, ndiyo maana alikuja Korogwe na daftari lake achapiwe katiba. Kikundi kilikuwa kinakutana jioni hiyo hiyo kuipitisha, na gari lake lilikuwa la saa nane. Vifungu kumi na vinne. Kifungu cha nane Mwaija alikuwa amekiandika mara tatu, na mara tatu kimekwenda na maji.

Mama Grasiana, mwenye duka, aliinua macho kutoka kwenye mashine ya kopi. "Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, mama."

"Kitu hakizimiki chenyewe. Mimi asubuhi nimeandika barua yangu ya kanisani, imezimika? Ukikaa wewe, inazimika." Akamgeukia mgeni. "Utuwie radhi, mzee. Huyu shule aliiachia darasa la tano. Nilimchukua kufagia, akajifunza kuchapa kwa kuchungulia. Jumatatu anakuja mtoto wa dada yangu, Catherine, kamaliza kidato cha nne. Ndiye atakayekaa hapo."

Mwaija alijifanya anatazama waya. Miezi minane alikuwa amekalia kiti kile, na ndani ya miezi hiyo watu wa mtaa wa Manundu walianza kumwita "dada wa kuchapa". Kabla ya hapo hawakuwa wakimwita chochote. Walikuwa wakiruka ufagio wake wakapita.

Akaiwasha tena. Ikawaka. Akaandika mistari miwili, akahifadhi. Mistari miwili, akahifadhi. Chini ya viganja vyake mashine ilikuwa ya moto kama kikaango, na feni yake ilikuwa ikilia kwa shida, kama mtu mwenye pumu anayepanda mlima. Alipofika "mweka hazina", ikazimika.

"Nenda kwa Twaha," akasema Mama Grasiana.

Twaha alikuwa fundi simu, kibanda cha pili kutoka hapo. Mwezi uliopita alisema ni virusi, akafuta kila kitu. Wiki iliyopita alisema ni umeme, wakabadilisha soketi. Leo aliipokea kompyuta kama anayepokea mtoto mtukutu wa jirani.

"Dada Mwaija, hii mashine inakupenda. Haiwezi kukaa siku mbili bila kukuleta kwangu."

Twaha aliiweka juu ya meza yake ya mbao, akaiwasha, akafungua hiki na kile. Ikapita robo saa. Ikapita nusu saa. Mashine ilipiga kelele lakini haikuzimika.

"Unaona? Nzima kabisa. Labda unabonyeza kwa hasira."

Mwaija akairudisha. Saa sita na nusu. Akaiweka mahali pake, akaandika kifungu cha tisa, akaanza cha kumi. Kioo kikawa cheusi.

Safari hii hakukimbilia kuiwasha. Akakaa akiitazama. Kwa Twaha nusu saa nzima, hapa dakika kumi. Umeme ni ule ule wa mtaa mmoja, joto ni lile lile la bati. Kwa Twaha kulikuwa na nini ambacho hapa hakipo? Au hapa kuna nini?

Akainua ubavu wa mashine, akapitisha vidole chini yake. Kitambaa kilichotandikwa hapo kilikuwa cha moto kuliko mashine yenyewe.

Kitambaa hicho alikifuma Mama Grasiana kwa mkono wake, sufu nyekundu na nyeupe, nene, kimekunjwa mara mbili. Kwake kila kitu kilikuwa na kitambaa chake: televisheni, redio, ndoo ya maji ya kunywa. Kitu cha thamani, alikuwa akisema, hakikai mezani uchi kama sufuria. Kompyuta ilipoletwa, kitambaa chake kilifumwa kabla mkoba haujafunguliwa.

Kumwambia Mama Grasiana kwamba kitambaa chake kina kosa ni kama kumwambia mtu mtoto wake ana kengeza.

"Toka hapo," Mama Grasiana akasema. "Toka, nitamaliza mwenyewe. Umemchosha mzee wa watu."

Mwaija akasimama. Kisha, badala ya kutoka, akashika ukingo wa meza.

"Ni kitambaa, mama."

"Nini?"

"Kitambaa. Matundu ya mashine ya kupumulia yako chini. Yamezibwa, inakosa pumzi."

Mama Grasiana aliiacha mashine ya kopi. "Kitambaa nilichofuma mimi ndicho kinachozima kompyuta? Hayo ndiyo waliyokufundisha darasa la tano?"

Mzee Jabiri alikwisha kuinuka. Aliinama, akachungulia chini ya mashine.

"Ziba mlango wa mzinga mchana wa jua uone," akasema. "Nyuki wanapepea kwa mabawa mpaka wanachoka, nta inayeyuka, wanakufa wote. Mtoto huyu hajakosea, mama. Mimi nina haraka, kitoe tu."

Mama Grasiana hakukitoa. Alikitoa Mwaija, kisha akamwita Twaha aje na bisibisi.

Twaha alifungua kifuniko cha chini, akapiga mluzi. Feni ilikuwa imevaa blanketi. Kwa kibano akavuta donge la nyuzi, jekundu na jeupe, nene kama kidole.

"Kikulacho..." alianza.

"Malizia uone," akasema Mama Grasiana.

Twaha akameza maneno yaliyobaki, akapuliza vumbi, akafunga skrubu.

Mwaija aliandika juu ya mbao tupu. Hasira za asubuhi yote zilimshukia vidoleni, akapiga vitufe kama anayetwanga. Kifungu cha kumi na nne kilikwisha saa nane kasoro dakika tano. Mzee Jabiri aliondoka juu ya bodaboda, katiba kifuani ndani ya shati, na hakuna aliyejua kama angeliwahi lile gari.

Mama Grasiana alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Jumatatu Catherine anakuja," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Nimeshamwahidi mama yake. Utamwonyesha kazi."

Mwaija alimgeukia. "Nitamwonyesha nikiwa nimekaa wapi, mama?"

Mama Grasiana aliziweka karatasi chini.

"Hapo ulipo," akasema. "Yeye atakaa kwenye benchi kwanza."