Choo cha Wageni

Katika boma la Mzee Muthama, nje kidogo ya soko la Nuu, jengo zuri kuliko yote lilikuwa choo. Alikijenga mwaka ule chifu alipoamuru kila boma liwe nacho, na kwa kuwa mzee hakupenda kushindwa na jirani, akakiezeka mabati mapya, akakipaka chokaa, akatia mlango wa mbao na kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni. Choo kilikuwa cha wageni: pasta, chifu, na Mahamud, mnunuzi wa mbuzi kutoka Mwingi. Watu wa nyumbani, mzee mwenyewe akiwemo, waliendelea kwenda vichakani, na nzi wakawafuata hadi kwenye sahani.

Mbinya, mke wa mwanawe, hakuona cha kuchekesha hapo. Mtoto wake Kiilu alikuwa anaharisha, anapata nafuu, anaharisha tena. Sista wa zahanati alimpa dawa, akamwambia wazi kwamba bila choo ni kuchota maji kwa kikapu. Kila alipomfunga mtoto mgongoni, Mbinya alimhisi mwepesi kuliko jana, na hofu ya kumpoteza ilimkata maini.

Sasa, mkaza mwana wa Kikamba hamtajii baba mkwe habari za choo, afadhali amtukane. Akamtuma mama mkwe, Syombua. Syombua akarudi na jibu.

"Anasema mtu na mkaza mwanawe hawaingii choo kimoja. Ni mwiko."

Mwiko huo Mbinya aliujua, na aliuheshimu. Lakini alikaa akipepeta mtama, akawaza, kisha akacheka peke yake. Akaenda moja kwa moja kwa Nzilani, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha kina mama waliolimiana mashamba kwa zamu. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mbinya.

Siku ilipofika, wakaja asubuhi na majembe yao, wakaanza kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia mvua isibebe udongo, huku wakiimba. Mbinya aliwapikia uji mwepesi, tele, na kibuyu kikiisha analeta kingine. Haukupita muda mrefu, mama mmoja akasimama mbele ya mzee.

"Mzee, sisi leo si wageni wako?"

"Wageni kabisa," akasema Muthama. Angesema nini tena?

"Basi tunaomba ufunguo."

Akainuka, akafungua, akangoja, akafunga, akaketi. Hajanyoosha mguu, mwingine huyo. Na mwingine. Uji ni uji. Kufikia saa sita mzee wa watu alikuwa amechoka kuliko waliochimba, na kufuli akaliacha wazi linaning'inia.

Hapo Nzilani akaja kuketi karibu naye, kwa heshima zote.

"Choo safi namna hii, mzee. Wewe mwenyewe unakionaje?"

"Mimi?" Muthama akajibu kwa fahari, kina mama wote wakisikia. "Tangu nikijenge sijakanyaga humo. Ni cha wageni."

"Kumbe. Basi hicho si choo chako. Mkaza mwana akiingia na mtoto wake, mwiko uko wapi?"

Muthama akageuka. Akamtazama Kiilu, amelala kwenye leso kivulini mwa ghala, miguu myembamba kama vijiti. Mzee alikuwa mbishi, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Akavua ufunguo, akamkabidhi Syombua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanung'unika, na mwethya wote wakaangua kicheko. Mbinya aliinamia sufuria ili asionekane akilia.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipokuja, mitaro ilijaa maji na Kiilu alikuwa na mashavu, anakimbiza kuku boma zima. Vichaka navyo vililoa, matope yakawa utelezi mtupu. Siku moja mzee alirudi kutoka huko akiwa na matope mpaka kwenye kofia. Baadaye Syombua akaja jikoni kwa Mbinya, akijitahidi asicheke.

"Mzee anauliza mwethya watarudi lini. Ana kashamba kake kanataka kuchimbwa."

"Kashamba ka ukubwa gani, mwaitu?" Mbinya akamuuliza mama mkwe.

"Upana, mtu kuchuchumaa. Kina, futi ishirini."

Mbinya akauma leso. "Na ufunguo atavaa nani?"

"Anasema mlango hautakuwa na kufuli."