Mashine Haikuambiwa Habari ya Maji

"Bombani hamna hata tone, na huku kuna mzazi ameshaanza kusukuma!" Dada yangu alikuwa akipiga kelele kwenye simu. Yeye ni mkunga katika zahanati iliyo nyuma ya ukuta wetu. "Mnafanya nini huko kwenu?"

Nilijua tunafanya nini. Jumba letu limejaa kompyuta za kufundishia akili bandia, nazo zikichapa kazi hupata moto. Kuzipoza kuna njia mbili: feni zinazokula umeme, au maji. Bosi wetu, tuliyembandika jina la Bwana Kijani kwa jinsi anavyojisifia utunzaji wa mazingira, aliikabidhi akili bandia yenyewe kazi ya upozaji, akaiagiza ipunguze umeme. Maji hakuyataja. Nayo, kwa utiifu wake wa kukera, ikawa inayafyonza ya mtaa mzima, huku namba ya umeme ukutani ikiwaka kijani.

Nikaiacha simu mezani kwenye spika, nikaanza kuiandikia mashine kikomo cha maji.

"Usiguse hapo!" Bwana Kijani alikuwa mlangoni, tai imemkaba. "Wafadhili wako kwenye ngazi. Namba ikipanda leo, huna kazi."

"Mwanamke anajifungua bila maji, bosi."

"Nusu saa tu. Atasubiri."

Atasubiri! Hasira zilinipanda. Nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Viatu vya wageni vilisikika koridoni. Nikabonyeza.

Feni zikanguruma. Namba ikapanda, ikawa nyekundu, na wageni nao hao wanaingia.

Bwana Kijani akanisukuma kando, akaamuru maji yarudi kwenye upozaji. Mashine ikakataa. Akaamuru tena, jasho likimchuruzika. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akainama akasoma kwa sauti jibu la mashine kwenye skrini, maneno niliyoiandikia mimi:

"'Haiwezekani. Maji haya ni ya wodi ya wazazi.'" Akamgeukia. "Wodi gani?"

Bosi akaninyooshea mkono, nami nikavua kadi ya mlango shingoni, nikampa. Niliogopa, sitaficha, nina kodi ya nyumba na mtoto wa shule.

Ndipo simu mezani ikatoa mlio wa maji yakigonga ndoo.

"Yametoka! Mdogo wangu, yametoka!"

Na nyuma ya dada, kichanga kikalia kwa hasira zilizozidi zangu.