Hatua za Kurudi Nyuma

Mtu wa kwanza kunishika kiuno na kunichezesha dansi alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu, bonge la mtu, mikono yake ikinukia spiriti na poda ya shingoni. Alinisukuma kinyumenyume kutoka ukuta hadi ukuta, akihesabu kwa sauti kama anayepakua magunia, nami nilimwomba Mungu nisigonge makabati. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya maseremala, na makabati yaliyokosa wanunuzi yalipangwa pembeni yakitutazama.

"Usinikamate hivyo, fundi," aliniambia. "Mimi si mlango."

Wanaume tulikuwa wengi, wanawake wa kuhesabika. Mwalimu wetu, mzee mwembamba tuliyemwita Kisigino kwa jinsi alivyotukemea tuinue visigino, alikuwa na dawa yake. Kila Jumamosi mchana aliwafunga baadhi yetu kitambaa chekundu mkononi, na aliyefungwa kitambaa alikuwa mwanamke mpaka darasa liishe. Wenzangu walinuna, wakabishana, wakadai zamu yao imepita. Mimi sikubisha. Sikuwa na kawaida ya kubishia lolote, na ndiyo maana kitambaa kile kilinizoea.

Kwa kazi mimi ni fundi saa. Kutwa nilikuwa nimeinama, lenzi jichoni, na wateja wangu niliwajua kwa mikono yao: huyu ana kovu, yule hufunga mkanda kwenye tundu la mwisho. Sura zao sikuzijua. Mwanamke akisimama dirishani pangu, ulimi uligoma. Nilitaja bei na siku ya kuja kuchukua, basi. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alisema siku akifa nitaoa saa ya ukutani. Ni yeye aliyepanga njama na kinyozi wanipeleke kwenye dansi.

Kisha ikaja barabara. Ilipasuliwa katikati ya mji, na pamoja na vumbi na matingatinga akaja mwanamke mrefu wa kupima ardhi, aliyeshinda juani akichungulia chombo chake chenye miguu mitatu na kuwapungia wenzake wasogee kushoto, kushoto tena, hapo hapo. Tulimwita Mpimaji. Jumamosi moja alisikia muziki wetu, akapanda ngazi na buti zenye matope mkononi, akauliza kama kuna nafasi.

Kisigino alimpa kinyozi. Hawakufika hata dirishani kabla kinyozi hajaanza kuchechemea.

"Dada, kwani hapa nani anaendesha?"

"Nisamehe kaka. Nilisoma shule ya wasichana watupu. Kwa urefu huu, kwenye dansi nilikuwa mwanaume miaka yote."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Kisigino alimtazama yeye, akanitazama mimi na kitambaa changu, akashusha pumzi.

"Nyinyi wawili mmeumbwa kinyume," alisema. "Shikaneni, mtuache tupumue."

Aliweka mkono mgongoni mwangu. Kinyozi alikuwa akinisukuma, huyu alinikaribisha. Kila alipotaka kugeuka, kiganja chake kiliniarifu mapema, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi mlango ukiwa wazi. Niligundua kwamba mtu unaweza kumsikiliza kwa mgongo. Tena anayekwenda kinyumenyume hana pa kutazama ila usoni mwa anayemwongoza, kwa hiyo nilimtazama. Alikuwa na mstari kwenye paji la uso pale kofia ilipoishia, juu yake ngozi laini, chini yake ngozi iliyopigwa na jua. Sikuwahi kumtazama mwanamke muda mrefu hivyo bila kuona haya.

Basi nikaanza kuinua kichwa hata dukani. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi, alishtuka.

"Kumbe una macho," alisema.

Nilicheka, naye akacheka, akakaa kwenye stuli ya wateja ambayo sikumbuki kama iliwahi kukaliwa. Nikaanza kuwauliza watu saa zao walizipata wapi. Karibu kila saa kuukuu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufa, na mwenyewe alikuwa akingoja tu aulizwe. Walikuja kuchukua saa wakakaa kupiga soga, na mimi nilikuwa na la kusema. Hayo yote niliyatoa kwenye kiganja cha Mpimaji.

Lakini Jumatatu zilikuwa ndefu. Mji mzima ulilaani vumbi na kuomba barabara iishe. Mimi peke yangu niliomba mvua. Mvua ikinyesha, kazi ilisimama, nami nililala nimeridhika kama mkulima. Lami ilipofika sokoni watu walipiga vigelegele, mimi chakula kikanishinda.

"Mwambie," mama alisema, akiivuta sahani yangu upande wake.

"Nimwambie nini?"

"Hicho kinachokunyima usingizi. Mimi nalala chumba cha pili, nakusikia unavyogeukageuka."

Barabara ile sasa ina viraka, na kinyozi ameshaanza kunyoa wajukuu wa wateja wake. Bado napanda ghorofani kila Jumamosi. Nacheza upande wa wanaume siku hizi, na wanawake husema nina mkono mwema. Nawashukuru, maana najua nilikoutoa. Ila gari lolote la kampuni ya barabara likipita, naiacha saa ya mtu imefunuliwa mezani na kutoka nje kutazama ni nani yumo ndani. Nimemtamani mwanamke yule mpaka hamu yenyewe imekuwa kama ndugu ninayeishi naye.

Jumamosi yake ya mwisho, wakati ule lami ilipokwisha, Mpimaji alikuja amevaa nguo safi, viatu vyepesi, na begi lake akaliacha chini kwa maseremala. Gari la kampuni lingempitia baada ya darasa. Kulikuwa na barabara nyingine inamngoja, mbali. Alikuja moja kwa moja nilipo, akafungua kitambaa mkononi mwangu na kujifunga mwenyewe, akisaidiwa na meno.

"Leo niongoze wewe."

"Sijui kuongoza."

"Unajua. Umenisoma siku zote hizi."

Niliweka mkono mgongoni mwake. Hatua ya kwanza nilimkanyaga. Ya pili ikawa afadhali. Nilitaka kumpeleka dirishani, penye hewa, lakini mkono wangu ulikuwa unasema hivi na hivi, na katikati ya ukumbi akasimama. Hakukasirika. Aliuliza kama alivyokuwa akiwauliza wenzake barabarani, kwa utulivu, ajue pa kusogea.

"Sijakuelewa, fundi. Unataka nini?"

Watu walitupita kushoto na kulia. Kinyozi alitupita na mke wa seremala, akajifanya haoni.

"Nataka ubaki," nilisema.

Mkono wake ulinikaza begani. Aliangalia kola ya shati langu.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea. Nilimwongoza kando ya makabati, nikamgeuza, nikamfikisha dirishani, na safari hii hakuna mahali alipokosa kunielewa. Alinifuata mpaka muziki ukaisha, na ulipoisha hatukuachiana mpaka Kisigino alipokohoa.

Nilimbebea begi. Chini, gari lilikuwa linanguruma tayari, dereva akitazama mbele kwa adabu.

"Nimepima barabara nyingi," Mpimaji alisema. "Kila mji haukosi mtu wa kunibebea begi. Wananiambia safari njema, wananipungia mkono. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nibaki."

"Basi baki."

"Siwezi, fundi."

Macho yake yalijaa machozi, yangu pia, na sikuinamisha kichwa. Nilimtazama akipanda, nikamtazama akifunga mlango, nikaitazama barabara mpya hadi gari likawa dogo na kupotea, na sikusema safari njema.

Nyumbani mama alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli kwa ajili ya nyonga yake. Redio alikuwa ameizima, naye redio yake haizimi mchana.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Ameondoka, mama."

Nilingoja aniambie kwamba atakuja mwingine, maana ndivyo watu wanavyosema. Hakusema. Alishusha miguu kwa taabu, mmoja, kisha wa pili, akajisogeza mpaka nafasi ikapatikana kando yake.

"Lakini umemwambia," alisema. "Njoo ukae, baba."